Abu Hamour: joto, mitambo na gharama ya kilainishi kisichofaa

Kila mwaka kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 serikali ya Qatar hupiga marufuku kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Amri hiyo, iliyotolewa mwaka 2021, inataka pia kazi isimamishwe wakati wowote iwapo kipimo cha joto kinachojumuisha unyevu, jua na upepo kitapindukia nyuzi 32.1. Hatua hiyo ilikuja baada ya miaka mingi ya malalamiko ya watetezi wa haki za wafanyakazi, na wengi waliipokea kwa nafuu.

Hata hivyo, wakati mfanyakazi anapumzika kivulini, mashine haipumziki. Pampu za maji, jenereta, lifti na hasa kompresa za viyoyozi huendelea kuzunguka, na saa hizo za mchana ndizo saa ambazo viyoyozi hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kinachozuia chuma kisisagane na chuma humo ndani ni utando mwembamba wa mafuta au grisi, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukikatika, mashine hufa. Swali ambalo halijadiliwi vya kutosha ni hili: nani anachagua mafuta hayo, na nani anabeba lawama yakiwa siyo?

Abu Hamour, kitongoji cha kusini mwa jiji la Doha, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hilo. Si mbali na hapo lipo Eneo la Viwanda, lenye karakana, maghala na makazi ya wafanyakazi wa kigeni. Siku ya Ijumaa Wakenya, Waganda na Watanzania wengi hufika upande huo kwa ibada na kuonana na jamaa. Miongoni mwao wamo mafundi na wasaidizi wa mafundi, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kushika pampu ya grisi.

Chini ya ardhi ya mitaa hiyo limepita pia handaki la Abu Hamour, lenye urefu wa karibu kilomita 10, lililojengwa kwa ajili ya Ashghal, mamlaka ya ujenzi wa umma ya Qatar, ili kuondoa maji ya mvua na maji ya chini ya ardhi kusini mwa Doha. Kampuni ya Impregilo ya Italia, ambayo leo inaitwa Webuild, ilipewa kazi hiyo mwaka 2012, na uchimbaji ulifanywa kwa mtambo mkubwa wa kuchimbia mahandaki.

Mtambo wa aina hiyo ni darasa zima la vilainishi. Beringi kuu inayobeba kichwa cha kuchimbia inahitaji mafuta au grisi inayohimili shinikizo kubwa mno. Sili zinazoikinga husukumiwa grisi nyingine bila kukoma, ili mchanga na maji visipenye. Mkiani mwa mtambo, brashi za waya hujazwa grisi ya aina ya tatu, nzito na yenye kunata, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia maji. Mifumo ya haidroliki nayo ina mafuta yake. Kwa kuwa sehemu ya grisi hiyo hubaki ardhini, mhandisi analazimika kufikiria pia itayafanya nini maji ya chini ya ardhi. Hakuna anayeweza kuchukua pipa moja na kusema linatosha kwa yote.

La kusikitisha ni kuwa nidhamu hiyo ya miradi mikubwa mara nyingi haifiki kwenye karakana ndogo. Huko vilainishi hununuliwa kwa bei, kwa jina la kampuni, au kwa rangi. Rangi ndiyo hatari kuliko zote. Grisi nyekundu ya kampuni moja na nyekundu ya kampuni nyingine zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, maana rangi hutiwa tu kiwandani na haielezi kilichomo ndani.

Kinachoeleza ni mambo manne: mzigo, mwendo, joto na mazingira. Kwa mafuta, jambo la kwanza ni mnato, yaani wepesi au uzito wake katika kutiririka. Namba iliyoandikwa kwenye pipa, kwa mfano ISO VG 46, ni mnato uliopimwa katika nyuzi 40 za Selsiasi. Mafuta ya kawaida ya VG 46 yakifika nyuzi 80, mnato wake hushuka hadi takriban robo. Huko Ulaya nyuzi 40 ni joto la mashine iliyokwisha kuanza kazi, lakini katika Ghuba hilo linaweza kuwa joto la hewa tu kabla swichi haijawashwa. Kwa hiyo fundi anayenakili chaguo lililofanywa kwa nchi ya baridi huenda akatia mafuta yatakayokuwa mepesi kama maji ifikapo saa saba mchana. Mafuta mazito kupita kiasi nayo hayafai, kwani huzalisha joto na kula umeme. Jibu limo katika kitabu cha mashine, ambacho kwa kawaida huonyesha mnato unaofaa kwa kila kiwango cha joto.

Joto huharibu mafuta kwa njia nyingine pia. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa mafuta kwa takriban nusu. Ratiba ya kubadilisha mafuta iliyoandikwa kwa hali ya kawaida haiwezi kufuatwa kikasuku huko Doha.

Kwa upande wa grisi, nukta muhimu ni sabuni iliyoifanya iwe nzito. Iko ya lithiamu, ya kalsiamu, na iko isiyo sabuni, yaani polyurea, inayotumika sana katika mota za umeme. Nyingi kati ya hizi hazipatani. Fundi akiongeza grisi ya lithiamu juu ya polyurea, mchanganyiko unaweza kulainika na kuvuja wote, na beringi ikabaki kavu ingawa kwenye daftari imeandikwa kuwa imepakwa grisi wiki iliyopita. Kujaza grisi kupita kiasi nako hupasha beringi moto. Katika viyoyozi, kompresa inayotumia gesi ya R-134a huhitaji mafuta ya polyolester, kwa kuwa mafuta ya kawaida ya madini hayachanganyiki na gesi hiyo. Lakini polyolester hunyonya unyevu wa hewa upesi, hivyo kopo lililoachwa wazi lisitumike tena.

Hata uhifadhi una hesabu yake. Pipa lililosimamishwa juani hupanuka mchana na kusinyaa usiku, na linaposinyaa huvuta ndani maji na vumbi vilivyotuama juu ya kifuniko. Mafuta bora kabisa yanaweza kuharibika hivyo kabla hayajatumika. Pipa lilazwe kivulini, vizibo vyake viwili vikiwa katika mstari wa mlalo.

Kejeli ya mambo ni kuwa Qatar yenyewe iliwahi kujiweka mstari wa mbele katika taaluma hii. Kiwanda cha Pearl GTL huko Ras Laffan, kilichojengwa na Qatar Petroleum pamoja na Shell na kuanza kutoa bidhaa mwaka 2011, kilibuniwa kugeuza gesi asilia kuwa bidhaa za mafuta, yakiwemo mafuta safi ya msingi ya kutengenezea vilainishi. Ni wazi basi kuwa tatizo si uhaba wa bidhaa nzuri. Tatizo ni umbali uliopo kati ya ofisi ya manunuzi na mtu anayeifungua mashine.

Umbali huo una gharama. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Peter Jost nchini Uingereza ilikadiria kuwa viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kushughulikia vizuri zaidi msuguano, ulikaji na ulainishaji. Lakini gharama inayotuhusu zaidi ni ya mtu mmoja mmoja. Beringi ikifa, anayetafutwa kwanza ni aliyeshika pampu ya grisi, si aliyeagiza pipa.

Sheria ya Kazi ya Qatar, namba 14 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri afanye uchunguzi kabla ya kumtoza mfanyakazi fidia ya chombo kilichoharibika, na makato yasizidi mshahara wa siku saba kwa mwezi. Kwa anayelipwa kima cha chini cha riyali 1,000 kilichowekwa mwaka 2021, siku hizo saba ni zaidi ya riyali 230. Hiyo ni karo ya mtoto au dawa ya mzazi nyumbani. Na katika uchunguzi kama huo kinga ya fundi ni maandishi. Aandike jina na namba ya kilainishi alichopewa, tarehe na mashine aliyokitia. Akiona hakilingani na kitabu, amjulishe msimamizi wake kwa ujumbe unaobaki, hata kama ni wa simu.

Elimu hii si ngeni kwa Afrika Mashariki. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao ya Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika isitekwe na adui, lakini kwanza mafundi wake walizipaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikahudumia watu wa Kigoma na mwambao wa ziwa kwa miongo mingi.

Mafundi wale walijua wanapaka nini na kwa sababu gani, na hakuna aliyewazuia. Fundi wa Kiafrika aliyeko Doha leo anastahili nafasi hiyohiyo: kukisoma kitabu cha mashine, kuuliza, na kusikilizwa kabla pipa halijaagizwa. Siku atakaporudi Gerezani au Nairobi na kufungua karakana yake, ujuzi huo utakuwa mtaji ambao hakuna mwajiri awezaye kuukata kwenye mshahara.