Namba ya Simu Si Namba!

Haya wasomaji, leo nina hasira kidogo. Juma lililopita niliitwa Kibokoni, kwenye duka moja la manukato (jina nalisitiri). Mwenye duka, mzee wa heshima zake, akaniambia: "Mwanangu, hii programu yenu imewafanya wateja wangu wote kuwa mtu mmoja." Nikafungua hifadhidata. Kweli bwana! Kila mteja ana simu ile ile: 2147483647.

Niliitambua papo hapo. Ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye INT ya biti 32. Tena ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, kwa kalamu tu. Alijua kigawanyo chake chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63, kwa hiyo hakuhangaika na namba zote hadi 46,340. Huyo alifikiri kabla ya kuandika.

Ndugu yetu aliyetengeneza programu ya mzee hakufikiri. Simu ya Kenya ikianza na 254 ina tarakimu 12, yaani bilioni 254 na ushei. Chombo chake kinabeba bilioni 2! MySQL za kabla ya toleo la 5.7 (2015), ukiziacha zilivyo, hazikukataa: zilikata mpaka kwenye kikomo, zikatoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma.

Najua mtaniambia, "Si utumie BIGINT?" Lah! Mteja akiandika 0722, sufuri ya mbele itaruka, na tarakimu zake zitabaki tisa. Hebu niambieni, nani amewahi kujumlisha simu mbili? Nani anatafuta wastani wa simu za wauza mahamri? Kisichojumlishwa ni maandishi. Weka VARCHAR ulale. Na wale wa "namba hutafutwa haraka zaidi", mzee ana wateja mia tatu, jamani!

(Namba hiyo hiyo inatungoja Jumanne 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Mombasa. Saa za biti 32 zitakazokuwa hazijarekebishwa zitarudi Desemba 1901.)

Simu zilizokatwa hazirudi. Mjukuu wa mzee anaziandika upya, moja moja, kutoka kwenye daftari la mkopo.