Bunduki nyepesi ya koperative: tutoshe franga ngapi, na juu ya nini?



Msimu huu nimezunguka na piki-piki kwenye barabara ya Kasenga, ya Likasi na upande wa Kipushi, na karibu kila mkutano neno lilikuwa lile lile. Mahali pamoja mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akaniambia: « Agronome, ba nyani na ba ngulube banatumarizia mahindi. Utupatie akili: tuuze bunduki ya namna gani, ile nyepesi ya kubeba, na tutoshe franga ngapi? »

Siku ile nilijibu nusu-nusu. Leo nataka kujibu vizuri. Haya ni mawazo yangu mimi agronome, kamati yenu iko huru kuyakataa. Kwa kifupi: koperative nyingi za karibu na Lubumbashi hazina haja ya bunduki. Zile za mbali, ambazo nyama wa pori wanazisumbua kweli, zikitaka kununua, zinunue moja tu, ya kalibre 12 au 20, ya kilo karibu tatu. Na gharama yote isipite nusu ya mahindi ambayo nyama wanakula kwa msimu mmoja. Sasa nieleze juu ya nini.

Tuhesabu mahindi kwanza

Mtu akiona nyani watano shambani, moyo unamwambia shamba lote limekwisha. Lakini moyo haujui hesabu. Ingia shambani wakati mahindi yanaanza kukauka. Chagua mahali patano, mbili karibu na ukingo wa pori na tatu ndani kabisa. Kila mahali hesabu mashina 100, andika ni mangapi yameharibiwa na nyama. Utakuwa na mashina 500. Kama 25 yameharibiwa, hasara ni 5 kwa 100. Usihesabu ukingo peke yake, maana pale hasara ni kubwa kila mara na itakudanganya.

Angalia pia nani ameharibu. Nyani anavunja shina na kutupa gunzi lililoumwa nusu. Ngulube analaza mashina chini, anaacha nyayo na udongo uliofukuliwa. Ndezi anakata shina chini sawa vile limekatwa na kisu. Lakini majani yenye matundu, na uchafu kama unga wa mbao ndani ya moyo wa shina, hiyo ni kazi ya kiwavi kilichoingia kwetu msimu wa 2016-2017, kile ba Faransa wanaita chenille légionnaire. Kiwavi hakiogopi bunduki. Nimeona mashamba ambako watu walilia juu ya nyani, na tulipohesabu pamoja, kiwavi kilikuwa kimekula mara tatu kuliko nyani.

Sasa tupige hesabu. Tuseme koperative iko na hektari 30, na kila hektari inatoa magunia 20 ya kilo 100. Jumla ni magunia 600. Hasara ya 5 kwa 100 ni magunia 30. Mimi nasema gharama yote ya bunduki kwa mwaka wa kwanza isipite nusu yake, ni kusema magunia 15. Juu ya nini nusu? Juu ya mlinzi mmoja hawezi kuwa kwenye mashamba yote kwa mara moja, na nyani ana akili: akifukuzwa hapa asubuhi, mchana yuko kwa jirani. Bunduki haitarudisha magunia yote 30. Ikirudisha nusu, imefanya kazi nzuri.

Nahesabu kwa magunia, sihesabu kwa dola, kwa sababu bei ya mahindi kwetu inapanda na kushuka kufuatana na mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikifunga, gunia linaruka. Tumieni bei ya wakati wa mavuno, wakati wengi wenu mnauzisha, msitumie bei ya mwezi wa kwanza ambayo kila mtu anaiota.

Ndani ya yale magunia 15, bunduki yenyewe isile zaidi ya saba na nusu. Nusu nyingine iko na kazi zake: karatasi za serikali na safari za kuzifuata, kartushi, sanduku la chuma lenye kufuli mbili, mafuta ya kusafishia, na siku za kumfundisha yule atakayeishika. Kama kwa bei hiyo hamupati bunduki nzima yenye karatasi, basi jibu limekwisha kutoka: msinunue.

Na franga isitoke kwenye kesi ya mbolea. Koperative moja niliyokuwa naifuata ilifanya hivyo. Ilichukua franga ya NPK 10-20-10 na urea, ikanunua bunduki. Mvua ilipoanza, mahindi yalitoka ya manjano, membamba sawa vile majani ya pori. Mama mmoja alisema kwa mkutano: « Mwaka huu nyani hawakukuja. Walikuwa na nini ya kukula? » Watu walicheka, lakini deni la mbegu lilikuwa pale pale.

Nyepesi, lakini isiwe nyepesi kupita

Mzee aliyeuliza juu ya uzito alikuwa na haki. Mlinzi anabeba bunduki saa nyingi na kuipiga kwa dakika moja, na kuna siku haipigi kabisa. Bunduki ya mtutu mmoja, kalibre 12, mara nyingi inapima kilo mbili na nusu mpaka tatu. Ya mitutu miwili inapima kilo tatu mpaka tatu na nusu. Tofauti hiyo ya kilo moja utaisikia kwenye bega ukitembea toka saa kumi za asubuhi.

Lakini uzito mdogo una deni lake. Kartushi ile ile, ukiipiga na bunduki ya kilo mbili na nusu, inarudisha bega nyuma kwa nguvu zaidi, karibu 40 kwa 100, kuliko bunduki ya kilo tatu na nusu. Mtu akipigwa na bega mara mbili, mara ya tatu anafumba macho kabla ya kuvuta. Na mtu anayefumba macho na bunduki mkononi ni hatari kuliko nyani wote wa Katanga. Njo maana nasema kilo karibu tatu. Kama mlinzi ni mtu wa mwili mdogo, kalibre 20 inafaa: kartushi yake inabeba risasi kidogo, na kwa nyani wa mita 25 au 30 inatosha. Ila mjue kwanza kama kartushi za 20 zinapatikana kwenu. Bunduki bila kartushi ni fimbo ya bei kali.

Wengine wananiambia tununue karabine ndogo, ile ya 22, ni nyepesi na kartushi zake ni za bei ndogo. Mimi nakataa. Risasi ya 22 ni ndogo lakini inaweza kuruka zaidi ya kilometa moja. Nyuma ya shamba lenu kuna nani? Kuna mama anayechota maji, kuna mtoto anayetoka masomo, kuna kijana anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala. Risasi ndogo-ndogo za kalibre 12 nazo zinaua, lakini zinachoka mapema.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, ifungue na uangalie ndani ya mtutu kwa mwanga: usiwe na kutu ya kula chuma, usiwe umebonyea. Ifunge, itikise: isilie wala kucheza pale inapofungwa. Jaribu usalama wake bila kartushi. Muuzaji akikataza kufanya hivyo, rudisha franga mfukoni.

Pupu, hapana

Kuna bunduki moja nyepesi na ya bei ndogo kuliko zote: pupu, ile ya mafundi wa kijiji, mtutu wake ni tiyo ya maji. Najua iko kwenye vijiji vingi na najua wazee wetu walikula nyama yake. Nami niliila. Nilikuwa na miaka 11 siku mtutu wa baba mdogo ulipopasuka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na masika yale hakuweza kushika jembe. Watoto wake walilimiwa na jirani. Tiyo ya maji haikutengenezwa kushika baruti. Koperative yenye sahihi na muhuri haiwezi kununua kitu kama hicho.

Karatasi na msimu

Silaha na risasi katika nchi yetu zinatawaliwa na Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3/9/1985. Ruhusa inaandikwa jina la mtu, haiandikwi jina la kijiji. Basi kabla ya kura, ulizeni: jina la nani? Prezida wa koperative akibadilishwa kwa uchaguzi, bunduki itabaki kwa nani? Nimeona koperative zikipasuka juu ya mashine ya kusaga. Wazeni juu ya bunduki.

Uwindaji nao uko na sheria yake, nambari 82-002 ya tarehe 28/5/1982. Kuna permi ya kuwinda, kuna nyama waliokatazwa kabisa, na kuna miezi ya kufunga uwindaji ambayo jimbo linatangaza. Kwa kawaida kufungwa huko kunaangukia masika. Angalieni vizuri: masika njo wakati mahindi yako shambani! Mtu anayenunua bunduki kwa wazo kwamba italinda shamba na kuleta nyama nyumbani, anaweza kujikuta msimu wote anaiangalia tu ndani ya sanduku. Mwendee superviseur wa mazingira wa teritware mapema, awaambie kwa maandishi kile kinachoruhusiwa dhidi ya nyama waharibifu.

Kwa ndugu walio karibu na parke ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, au ya Kundelungu ya mwaka 1970: kwenu bunduki ni shida mara mbili. Mlinzi wa ICCN akikukuta nayo njiani, utaeleza mahindi mpaka usiku.

Na tusisahau tulikotoka. Watu wa Mitwaba, Pweto na Manono wanajua nini maana ya « pembetatu ya kifo ». Wengi wenu mnakumbuka wakati PAREC ya pasta Ngoy Mulunda ilipokuwa inachukua silaha na kumpa mtu kinga. Kuna wakulima waliofurahi na ile kinga kuliko chochote, maana ilipeleka mahindi sokoni. Bunduki ikiingia kijijini, habari yake inatembea kuliko yenyewe. Inaweza kuita mwizi, inaweza kuita mwenye kuvaa uniforme.

Basi tufanye nini?

Karibu na Lubumbashi pori limekwisha kuwa makala. Ngulungu na kabuluku ambao wazee wanasimulia wamekwenda mbali. Kununua karabine juu yao ni kununua kumbukumbu. Wanaobaki ni nyani, tumbili, ndezi, panya na ndege, na hao wanashindwa na mpango kuliko risasi.

Fyekeni ukanda wa mita 10 kuzunguka mashamba: ndezi na nyani hawapendi kuvuka mahali peupe. Pandeni kwa juma moja wote, maana shamba linalokomaa peke yake njo linalokuwa meza ya pori zima. Wekeni mashamba pamoja, ili walinzi wanne watoshe pale ambapo leo kumi na wawili hawatoshi. Jengeni vibanda vya juu, weka mbwa, ngoma na mabati ya kugonga, na mgawane zamu toka mahindi yakiwa mabichi mpaka mavuno. Miezi hiyo miwili mlipeni mlinzi kwa mahindi, meka kwa meka, msimwambie « Mungu atakulipa ». Na yakikauka, vunjeni. Kila juma mnaloacha mahindi yaliyokauka shambani ni juma la karamu ya panya.

Fanyeni hayo msimu mmoja, kisha hesabuni tena mashina 500. Kama hasara bado ni kubwa, ileteni hiyo karatasi kwa mkutano, na mupige kura juu ya bunduki mkiwa na hesabu mkononi. Nitakuja, nitakaa upande wa nyuma, na mkisema ndiyo nitawasaidia kuichagua.

Yule mzee wa kofia nimemwandikia jibu hili yeye wa kwanza. Alinirudishia neno kwa telefone: « Agronome, tumehesabu. Ni 3 kwa 100. Sasa utuambie mbwa wanauzwa wapi. »