KUKU WA NYUMBANI: MBEGU NA MWENYE KUIUZA

Wasomaji wetu hutuuliza mara nyingi, kwa maneno mbalimbali, swali lile lile: Kuku yupi aliye bora? Nasi twawauliza: Bora kwa kazi gani, na katika ua wa nani? Mwalimu ashindaye darasani tangu asubuhi, na kuku wake wakijitafutia chakula nyuma ya nyumba, hahitaji kuku yule yule amfaaye mtu akaaye karibu na mji, mwenye banda na fedha za kununua chakula kila juma. Tena katika nyumba nyingi fedha za mayai ndizo zinunuazo madaftari na chumvi. Zikipotea kwa mbegu isiyofaa, hasara haiishii bandani.

Na tuanze na kuku tulio nao. Watu husema “kuku wa kienyeji” kana kwamba ni kabila moja, kumbe sivyo. Yuko Kuchi, mrefu wa miguu, mwenye hasira nyingi, ambaye jogoo wake aliyepevuka hufika kilo 2.5 na kupita. Wataalamu waliochunguza urithi wake wameona undugu baina yake na Shamo, kuku wa kupigana wa Ujapani. Yaelekea bahari imetuletea wageni wengi kuliko tunavyokumbuka. Yuko Ching'wekwe, mfupi na mdogo, ambaye mtetea wake huzidi kilo 1 kwa kiasi kidogo tu. Yuko na Kishingo, asiye na manyoya shingoni. Watoto humcheka, lakini joto halimtaabishi kama wenzake. Hawa wote hutaga mayai machache kwa mwaka, wala si kwa uvivu. Kila amalizapo mayai yake kumi na kitu, mtetea huatamia siku 21, kisha hulea. Mwenye kuhesabu mayai peke yake humwona hana faida. Mwenye kuhesabu na vifaranga, na chakula ambacho hakukinunua, hupata hesabu nyingine.

Wageni nao wana sifa zao. Rhode Island Red, kuku mwekundu wa Marekani, hutaga vizuri na nyama yake ni nyingi. Australorp mweusi alipatikana Australia kutokana na kuku wa Orpington wa Uingereza. Katika mashindano ya mwaka 1922 na 1923 mitetea 6 ya mbegu hiyo ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Ni ajabu kweli, lakini kuku wale walilishwa kwa ajili ya mashindano, na asitumaini mtu kuyapata hayo kwa pumba na makombo. Wema wa mbegu hizi mbili, kwa maoni yetu, ni huu: ni mbegu safi, yaani watoto hufanana na wazazi wao.

Kuroiler, aliyetoka India katika miaka ya 1990, na Sasso, aliyetoka Ufaransa, ni chotara. Hukua upesi, nao huweza kutembea na kujitafutia chakula. Lakini mtu akiyaangua mayai yao nyumbani atapata vifaranga wa kila namna, na sifa alizozilipia zitapungua kizazi hata kizazi. Anunuaye chotara na ajue kwamba itampasa kurudi kwa mwuzaji kila atakapotaka kundi jipya. Mwenye uwezo huo na afanye hivyo, si vibaya. Asiye nao asiwauze mitetea wake wa kienyeji wanaoatamia ili apate nauli ya kuwaendea chotara.

Lakini zaidi ya mbegu, mtazame mfugaji. Twajua nyumba zilizonunua vifaranga kwa akiba ya miezi, na kabla ya majuma matatu kupita vikabaki manyoya tu. Wako wauzaji wanaonunua kwa bei ndogo vifaranga madume wa kuku wa mayai, wasiotakiwa na mtu, kisha huwauza njiani kwa jina la Kuroiler. Mnunuzi hungoja mayai, naye hupata majogoo membamba.

Kwa hiyo enda mwenyewe, ukaombe kuwaona wazazi. Mfugaji mwema aweza kukuzuia usiingie bandani kwa viatu vyako, na hilo ni jambo la kumsifu. Lakini atakuonyesha kundi lake kwa mbali, na daftari lake pia. Hesabu majogoo: jogoo 1 kwa mitetea 8 hata 10 yafaa. Uliza jogoo alitoka wapi. Akiwa amezaliwa katika kundi lile lile na kupanda dada zake, tafuta kwingine. Uliza kama vifaranga huchanjwa ugonjwa wa Marek siku ya kwanza, maana ukiisha kupita wakati huo chanjo yake haina faida kubwa. Uliza habari za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na tarehe ya chanjo ya mwisho. Kisha mshike kifaranga: kitovu kiwe kimefunga na kukauka, macho maangavu, miguu imenyooka. Ukimlaza chali, mzima huinuka mara moja.

Mnadani tusingependa ununue kuku wa kufuga. Kideri kinapoingia kijijini watu hukimbilia kuuza, na yule kuku wa bei nafuu huja na msiba tumboni. Hata kuku aliyetoka mahali pema na atengwe siku 14, na chombo chake cha maji, kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nao wenyeji wapewe tone la chanjo ya kideri jichoni kila miezi 3.

Asiye na fedha za vifaranga asikate tamaa. Anunue mayai ya mbegu safi kwa mfugaji aliyemchunguza, akiuliza hasa kama vifaranga vyake hufa kwa kuhara kweupe, kwa maana ugonjwa huo hupita ndani ya yai. Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Yakiisha kusafiri yapumzike usiku mmoja, ncha nyembamba ikiwa chini, ndipo yawekwe chini ya mtetea wa kienyeji aliyekwisha kuatamia. Mayai 10 hata 12 humtosha. Usiku wa siku ya 7 yamulike kwa taa, ukayaondoe yaliyo meupe ndani.