Gitaa likivunjika njiani, muuzaji alipe

Gitaa lililotumika, lenzi ya kamera au kinanda cha mtumba siku hizi huonekana Instagram kwa muuzaji wa Dar es Salaam, na kesho yake kikashushwa stendi ya mabasi Mwanza. Pesa hutangulia kwa simu, mzigo hufuata. Ukifika umevunjika, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Muuzaji anasema aliukabidhi ukiwa mzima. Wakala wa basi anaonyesha maandishi madogo kwenye risiti, kwamba mzigo unasafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Mnunuzi, ambaye huenda amejibana miezi kadhaa ili apate chombo hicho, anaambiwa apige simu baadaye. Msimamo wangu ni kwamba hasara hii ni ya muuzaji hadi mnunuzi afungue boksi na kukuta kitu kizima, isipokuwa pale mnunuzi mwenyewe alipochagua msafirishaji na kumtuma akauchukue mzigo.

Wauzaji wengi wataniambia sheria iko upande wao, na kwa sehemu ni kweli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo Tanzania ni Sura ya 214 na Kenya ni Sura ya 31, imerithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kimsingi inasema hatari ya kuharibika kwa mali humfuata mwenye mali, na kwamba kumkabidhi msafirishaji mzigo huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, kama hawakukubaliana vinginevyo. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka muuzaji afanye na msafirishaji mapatano yanayofaa kulingana na aina ya mali. Asipofanya hivyo na mali ikaharibika, mnunuzi ana haki ya kukataa kwamba amekabidhiwa. Kipengele hiki hakitajwi sana kwenye mabishano ya simu. Waingereza wenyewe, kwa sheria yao ya haki za walaji ya mwaka 2015, waliamua kwamba mfanyabiashara anayemuuzia mlaji hubaki na hatari mpaka mlaji ashike mali mkononi. Kinga hiyo haimfikii anayenunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, na soko la vifaa vilivyotumika limejaa watu wa namna hiyo. Kwa hiyo sisi tunaonunua na kuuza inatupasa kuufuata utaratibu huo kwa makubaliano, bila kungoja bunge.

Sababu yangu kubwa iko ndani ya boksi. Chukua gitaa la akustika. Nyuzi zake sita zikikazwa kwa sauti ya kawaida huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Kwenye magitaa mengi kichwa kimeinamia nyuma, na pale kinapokutana na shingo ndipo mbao ilipo nyembamba. Gitaa likilazwa kwenye boksi bila kitu chini ya kichwa, kisha boksi likaangushwa kutoka kwenye buti la basi, hupasuka hapohapo, hata kama nje katoni haina mkunjo. Kinga yake ni rahisi: kulegeza nyuzi, kujaza nguo au sponji chini ya kichwa na pande zote za shingo, na kuhakikisha chombo hakichezi boksi likitikiswa. Kamera nayo ikitumwa na lenzi nzito ikiwa imefungwa mbele, uzito wote huning'inia kwenye pete ya chuma inayoviunganisha, na pigo moja linatosha kuipinda. Kuvitenganisha na kuviziba kwa vifuniko ni kazi ya dakika mbili. Dakika hizo anazo muuzaji peke yake. Mnunuzi aliye Mwanza hana namna ya kuifanya kazi hiyo, na mpakiaji wa basi hajui kilichomo. Mwenye uwezo wa kuzuia hasara ndiye anayestahili kuibeba, na akijua ataibeba, atafunga vizuri.

Pingamizi zito zaidi ni la udanganyifu: mnunuzi anaweza kukivunja mwenyewe, au akarudisha kibovu chake cha zamani. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mnunuzi naye ana wajibu. Afungue boksi mbele ya wakala, au arekodi video isiyokatwa kuanzia gundi ya nje ikiwa bado haijaguswa, na atoe taarifa siku hiyohiyo. Muuzaji kabla ya kufunga arekodi namba ya chombo, kikifanya kazi, na jinsi kilivyopangwa ndani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni simu. Tanzania inakubali ushahidi wa kielektroniki kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp una uzito. Kumbukumbu hizo humlinda muuzaji pia. Kuvu iliyotanda ndani ya lenzi, kwa mfano, haioti kwa safari ya usiku mmoja, na mnunuzi aliyeiona kwenye picha akakubali bei hawezi kuigeuza kuwa ajali ya barabarani.

Wengine watasema msafirishaji ndiye alipe. Alipe, lakini adaiwe na aliyepatana naye na kukatiwa risiti, yaani muuzaji. Mnunuzi asifanywe mjumbe wa kesi ya watu wawili wengine. Bei kuwa ndogo nayo si hoja, kwa kuwa ilipunguzwa kwa sababu ya uchakavu uliotangazwa. Shingo iliyovunjika haikutangazwa.

Katika kumaliza shauri, fundi asiye wa upande wowote aseme gharama ya matengenezo. Kama chombo kinatengenezeka, muuzaji arudishe kiasi hicho na mnunuzi abaki nacho, maana kukirudisha ni kukipandisha basi mara ya pili. Kama hakitengenezeki, pesa yote irudi. Anayekataa apelekwe mbele. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na kutakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Tanzania tunayo Mahakama ya Mwanzo, na inafaa tupate utaratibu wa haraka kama huo wa jirani zetu. Wewe unayetaka kununua wiki hii, kabla hujatuma pesa mwandikie muuzaji sentensi moja: kikivunjika njiani, hasara ni yako. Akikataa, usinunue.