Hasira ya Kijana wa Munigi Si Kichwa Ngumu

Wazazi wa Munigi, kando ya mji wa Goma, wanapomlalamikia kijana anayepigana shuleni, anayevunja vyombo au aliyehama nyumbani akaenda kulala na maibobo, watoto wa mitaani, mjini Goma, hoja zao hufanana. Zinasemwa na watu wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo zinastahili kujibiwa moja moja.

"Ni kichwa ngumu tu." Tuhesabu miaka kwanza. Aliyezaliwa hapa mwaka 2008 alikuwa na miaka 4 hivi wakati waasi wa M23 walipoingia Goma, Novemba 2012. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto ukameza nyumba za majirani zake. Mwishoni mwa 2022 aliona eneo jirani la Kanyaruchinya likijaa wakimbizi waliotoka Rutshuru, na Januari 2025 masasi na mabomu yakafika tena mjini. Mwili uliojifunza kukimbia kabla ya kujua kusoma hauachi kushtuka kwa sababu baba ameamuru. Mlango ukibamizwa, ngumi zimeshakunjwa. Madaktari wanahesabu hasira za ghafla miongoni mwa dalili za kiwewe, na kwa vijana hata huzuni nzito mara nyingi hutoka kwa ukali badala ya machozi. Kwa mvulana ni zaidi, maana tumemkuza akijua kwamba kulia ni aibu, lakini kugombana si aibu.

"Vita vilitupata sote, mbona mdogo wake ametulia?" Hoja hii ina uzito kuliko zote. Ila watoto wa nyumba moja hawapiti vita vilevile. Mmoja alikuwa mgongoni mwa mama. Mwingine alitangulia na godoro kichwani, akapotezana na wenzake, akaruka maiti njiani, na hakuna aliyemwuliza lolote tangu siku hiyo. Tena huo utulivu wa mdogo nao utazamwe vizuri. Mtoto asiyelala, asiyecheza, anayekaa kimya mchana kutwa, huenda anaumia sawa na kaka yake, ila hamsumbui mtu. Tunamwona haraka yule anayetupigia kelele.

"Fimbo itamnyoosha." Fimbo humnyamazisha jioni moja. Kijana anayehisi hatari kila mahali huthibitishiwa kwamba hata nyumbani ipo, na kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Somo hilo wenye bunduki wameshamfundisha. Sisemi aachwe awapige wadogo zake: azuiwe, anyang'anywe panga, alipie alichovunja. Kisha, akishapoa, mzazi aketi naye amwulize kimepita nini moyoni, na avumilie kimya kabla ya jibu.

"Amerogwa." Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto ulozi. Maombi ya kanisani yanaweza kumfariji kijana. Kumfungia na kumnyima chakula ili pepo limtoke ni kumwongezea jeraha.

"Hiyo saikolojia ni ya wazungu, haitibu kitu." Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, walichapisha matokeo ya kazi yao na wavulana 50 wa mashariki mwa Kongo, wa miaka 13 hadi 17, baadhi yao waliowahi kuwa askari. Katika vikao 15 vya kikundi walifundishwa kutuliza mwili, kupambana na mawazo yanayowarudia, na kusimulia yaliyowapata. Waliohudhuria walipungukiwa na kiwewe, na ukorofi wao pia ukapungua, kuliko wenzao waliokuwa wakisubiri zamu. Hao ni watoto wetu, wa vita hivihivi. Goma kwenyewe kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu magonjwa ya akili, na jina lake ni la Kiswahili. Shida halisi ni nauli ya kufika huko na uchache wa washauri huku Munigi, na hayo ndiyo tunayopaswa kuyadai kwa sauti, badala ya kuzozana kama kijana ni mgonjwa au ni mkaidi.