Wacheni Mpira wa Moto, Mchague Kiinimacho

Kila mgeni akikaa kwa meza yetu hapa Makutano, Meru, najua atasema nini kabla afungue mdomo. "Mimi nataka kuwa mchawi, shule ya milipuko." Kwa nini? "Ndio nitupe mpira wa moto." Wasee, tumechoka. Hii ni Dungeons & Dragons. Unaweza kujaribu karibu kitu chochote kichwa chako kinaweza kufikiria, na wewe umeamua kuwa jiko la gesi.

Kwa wale hawajui, mchawi kwa huu mchezo lazima achague fani. Kitabu cha 2014 kilikuwa na fani nane, na unachagua ukifika levo ya 2. Kile cha 2024 kilibakisha nne: zindiko, ramli, milipuko na kiinimacho, na sasa unangoja mpaka levo ya 3. Watu wanakimbilia milipuko kwa sababu hesabu yake inaonekana. Dadu nane za pande sita, wastani ni 28, kila mtu kwa duara anaungua, na fani yenyewe inakuwezesha kuwakinga marafiki zako wasichomeke. Sikatai, ni poa.

Lakini mnasahau kitu kimoja. Mpira wa moto si mali ya watu wa milipuko peke yao. Mchawi wa fani yoyote anaweza kuuandika kwa kitabu chake akifika levo ya 5. Kwa hivyo unatoa fani yako yote kutafuta kitu ambacho ungekipata tu. Ni kama kuhamia Maua ndio upate miraa, na iko hapo stage.

Na sisi watu wa huku ndio hatuna kisingizio kabisa. Si mmesikia hadithi ya Mbwaa? Wameru walikuwa watumwa kule, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Hao mabwana wakaanza kuwapa mitihani haiwezekani. Leteni kiatu chenye manyoya ndani na nje. Leteni mbwa mwenye pembe. Tengenezeni mkuki wa kufika mawinguni. Mkishindwa, mnakufa. Vile nilisimuliwa, kiatu kilitoka kwa ile ngozi inaning'inia shingoni mwa ng'ombe, kwa sababu iko na manyoya pande zote. Mbwa alibandikwa pembe za swala. Mkuki ndio uliwashinda, na hapo wakatoroka, Komenjwe akiwa mbele, mpaka maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, wa alfajiri Ntune, wa mchana Njeru.

Sasa nionyesheni mlipuko uko wapi hapo. Hao ni watu wa levo ya 1 mbele ya jeshi zima. Wangetupa moto, wangeisha siku hiyo hiyo, na leo hakungekuwa na mtu wa kukaa hapa Makutano akibishana na mimi. Walibandika pembe kwa mbwa! Hicho ni kiinimacho, tena bila hata kutumia uchawi.

Mezani inafanya kazi hivyo hivyo. Kuna spelo ya levo ya 1 ya kutengeneza picha isiyo na sauti, inatoshea futi 15 kila upande, na inakaa mpaka dakika 10 ukiishikilia. Adui akitaka kuichunguza, anatumia zamu yake. Zamu ni pesa. Jamaa wetu mmoja, anatokanga Embu na matatu kila wikendi kuja kucheza, alifanya daraja zima lionekane limevunjika. Wale waliokuwa wanatufukuza wakasimama ukingoni wakabishana. Hatukupoteza hata pointi moja ya uhai. Na ukifika levo ya 14 unaweza kuchukua kitu kimoja kisicho hai ndani ya picha yako na kukifanya kiwe halisi kwa dakika moja. Fikiria uko mto Thuci, umejaa, na hakuna pa kuvukia. Unachora daraja. Mnavuka. Dakika inaisha wengine wakiwa katikati.

Najua mtaniambia kiinimacho kinategemea DM, akiwa mkali kila adui anashtukia. Ni kweli, na ndio maana unaongea naye kabla ya kampeni kuanza. Mtaniambia pia ramli ni kali zaidi, unarusha dadu mbili asubuhi halafu unazibadilisha na za mtu yeyote. Hiyo nakubali. Ningechagua hiyo ya pili.

Lakini kumbukeni Mugwe, yule wa kubariki watu wa Meru. Mkono wake wa kushoto ulifichwa chini ya vazi na haukuruhusiwa kuonekana. Mkono huo uliheshimiwa bila mtu kuuona ukiwaka moto.

Halafu kuna wale wa kuchekesha. Wanachukua shule ya wafu kutoka kitabu cha zamani, wanampa mchawi jina la Kimbeere na lafudhi ya kijinga, ati kwa sababu "si Wambeere ni wachawi." Buda, hapana. Hapo mchezo umeisha. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa sababu majirani waliamua wao ni wachawi. Hakuna aliyeanza siku hiyo na kiberiti. Watu walianza na utani kama huo wako, miaka mingi, mpaka ukasikika kama ukweli. Ukitaka mchawi wa wafu, mtafutie nchi ya kubuni, na usimpe lafudhi ya nyanya ya mtu.

Kampeni mpya inaanza Jumamosi saa nane. Kama huna dadu, programu ya simu iko sawa. Kiti cha mchawi kiko wazi, na yule wa Embu ameshasema akiona mwingine wa milipuko anarudi na matatu ya kwanza.