Mimba Tatu na Tuhuma Moja: Swali kutoka Malava

Dada mmoja wa pwani aliyeolewa Malava, katika kaunti ya Kakamega, ametuandikia kwamba mimba zake tatu zimetoka mfululizo, zote kabla ya mwezi wa tatu. Katika ile ya mwisho alipimwa kaswende kwenye kliniki ya wajawazito akaambiwa anayo. Mumewe alipopimwa hakuonekana nayo. Tangu siku hiyo mavyaa hamsemeshi, na neno la talaka limekwisha kutajwa nyumbani. Anauliza: je, kipimo chaweza kusema jambo lisilokuwapo?

Chaweza, na huenda sababu ikawa ndiyo hiyo hiyo inayoziangusha mimba zake. Vipimo vya kaswende viitwavyo VDRL na RPR havitafuti kijidudu chenyewe. Hutafuta kingamwili zinazoshambulia aina ya mafuta iitwayo kadiolipini. Mwanamke ambaye kinga ya mwili wake imekosea njia, ikaunda kingamwili za namna hiyo, aweza kuonekana ana kaswende ilhali hajapata kuugua. Jibu hilo lahitaji kuthibitishwa kwa kipimo cha namna nyingine, kinachohusu kijidudu chenyewe. Hatusemi lipuuzwe: kaswende ya kweli huua mimba, nayo hutibika kwa penisilini. Lakini zinaa katika dini yetu huthibitishwa kwa mashahidi wanne, wala karatasi ya maabara si mmoja wao.

Hitilafu hii huitwa sindromu ya antifosfolipidi, au ugonjwa wa Hughes, kwa jina la tabibu Graham Hughes aliyeieleza huko London mwaka 1983. Kingamwili hizo huifanya damu iwe nyepesi kuganda, tena huzuia kondo la nyuma lisijijenge sawasawa, na mtoto akakosa riziki yake tumboni. Miongoni mwa wanawake ambao mimba zao hutoka mara kwa mara, yapata 15 katika kila 100 huwa nazo. Waliobaki wana sababu nyingine, kama kasoro za mfuko wa uzazi au tezi ya shingo, na wengi haionekani sababu yoyote. Jicho na majini hatukuyakuta katika hesabu hizo.

Malava nayo ina jambo lake. Magharibi ya Kenya ni nchi ya malaria, na malaria, kama maradhi mengine ya kuambukiza, yaweza kuziamsha kingamwili hizi kwa muda kisha zikatoweka. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Kikionyesha zipo, hurudiwa baada ya wiki 12 au zaidi.

Tiba ipo. Katika utafiti wa London uliotolewa mwaka 1997, wanawake 90 wenye hitilafu hii waligawanywa: waliopewa aspirini ndogo peke yake, 42 katika 100 walijifungua watoto hai, waliopewa aspirini pamoja na sindano za heparini, 71 katika 100. Heparini haivuki kondo kumfikia mtoto.

Hapa pana jambo ambalo daktari huenda asiliseme. Heparini nyingi hutolewa katika utumbo wa nguruwe. Tunalitaja waziwazi, kwani mke akiligundua katikati ya tiba na akaacha sindano kwa hofu, madhara ni makubwa. Aya ya 173 ya Suratul Baqara yamwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani wala kuvuka mpaka, na kwa msingi huo wanazuoni wengi huiruhusu dawa pasipo mbadala. Ipo fondaparinuksi, inayoundwa maabara bila mnyama, lakini katika ujauzito haijachunguzwa kwa kiasi kile. Mume na mke wamuulize daktari habari zake, kisha wamwendee shekhe pamoja.

Dada yetu asianze aspirini kwa kuisikia hapa. Amwone daktari bingwa wa wanawake, Kakamega au Eldoret, sasa kabla hajashika mimba ya nne, maana vipimo viwili vyenye wiki 12 katikati havingojwi na mimba iliyokwisha kuingia. Na aende na mumewe, ili jibu walisikie wote wawili kwa masikio yao.